KITUO CHA WIFI CHA ZAMANI: GINSI YA KUKIPANGA NYUMBANI



Katika mitaa yetu kuko visanduku vingi vya wifi vyenye kulala bure juu ya kabati. Vimoja vililetwa na mjomba kutoka Ulaya ao Marekani, vingine vilinunuliwa sokoni pamoja na ordinateri iliyotumiwa, vingine viliachwa na ofisi iliyopata vipya. Mtu anakiweka kisanduku ku prize, taa zinawaka, lakini intaneti hakuna. Anasema: "Hiki kimekufa." Mwingine anafaulu kukipanga, lakini anakiacha wazi bila neno la siri, na mega alizonunua kwa mwezi mzima zinaisha kwa siku tatu. Jirani wanacheka, yeye analipa.

Katika ukurasa huu tunataka kuonyesha mambo mawili. Kwanza: kisanduku cha zamani kinaweza kutumika vizuri, kama tunakipa kazi yenye kukifaa tu. Pili: kufuli ya zamani si kufuli tena. Mwenye kushika mambo haya mawili hatatupa kitu kizima, wala hatafungulia mwizi mlango.

Tutatumia mfano mmoja, maana visanduku vyote havifanani. Tumechagua kile kilichojulikana sana ulimwenguni: WRT54G cha Linksys, chenye rangi ya buluu na nyeusi na antena mbili nyuma. Kama chenu ni cha jina lingine, majina ya kurasa zake yatageuka kidogo, lakini mawazo ni yale yale.

A. KISANDUKU HIKI NI KITU GANI?

WRT54G kilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2002. Herufi G inaonyesha aina ya wifi yake, ile ambayo wataalamu wanaandika 802.11g. Inatumia mawimbi ya gigaherzi 2,4, na juu ya karatasi inapitisha megabiti 54 kwa segonde. Nyuma yake kuko matundu matano ya kebo: manne yenye namba 1 hadi 4, na moja la pembeni lenye neno "Internet". Tafazali mshike tofauti hii vizuri, tutairudilia.

Mwaka 2003 watu waligundua kwamba programu ya ndani ilitengenezwa na Linux, ambayo sheria yake inataka mwenye kuigawa atoe maandiko yake kwa wote. Kiwanda kikayatoa. Tangu hapo wataalamu wa inchi nyingi walitengeneza programu zao wenyewe kwa kisanduku hiki. OpenWrt ilianza hivyo mwaka 2004. Mwaka 2005 kiwanda kikaondoa Linux katika toleo la 5 na kupunguza akili ya kukumbuka kwa nusu. Lakini kwa wale waliopenda Linux kikatoa WRT54GL, na hicho kilikuwa kinauzwa bado mwaka 2016. Ndiyo sababu hata leo tunavikuta sokoni.

B. MBELE YA KUKIWEKA KU PRIZE

Hapa ndipo visanduku vingi vinakufa. Angalieni transfo, ile shajere nyeusi yenye kuja pamoja nacho, na msome maandishi yake madogo. Kama kilitoka Marekani, mara nyingi transfo yake imeandikwa "120 V". Umeme wetu ni volti 220. Kuiweka ku prize yetu ni kuichoma, hata kama mlipata adaptere ya kugeuza miguu, maana adaptere inageuza miguu tu, haigeuzi nguvu ya umeme.

Kisha angalieni upande wa kutokea. Toleo la kwanza kabisa la WRT54G linataka volti 5, lakini yale yaliyofuata yanataka volti 12. Kichwa cha waya kinaweza kuingia vizuri, na kumbe volti si zake. Basi someni chini ya kisanduku na juu ya transfo: volti zinapashwa kuwa sawasawa, na ampere za transfo zisiwe chini ya zile za kisanduku. Mwanafunzi wa kalasi ya fizika haruhusiwi kukisia jambo kama hili.

C. NYUMBA MOJA, SENTINELE MMOJA

Sasa tuje ku kiini cha mambo. Ndani ya kisanduku kimoja kuko wafanyakazi watatu.

Wa kwanza ni msemaji: anageuza maneno ya kebo kuwa mawimbi, na mawimbi kuwa maneno ya kebo. Hiyo ndiyo wifi yenyewe.

Wa pili ni mwunganishaji: anaunganisha matundu yale manne, ili ordinateri moja iongee na nyingine.

Wa tatu ni sentinele. Anakaa ku mlango wa tundu la "Internet". Kila telefone yenye kuingia inamwomba namba, naye anaigawia, kwa mfano 192.168.1.100, nyingine 192.168.1.101. Telefone ikitaka kwenda inje, inapita kwake. Kazi ya kugawa namba inaitwa DHCP.

Lakini nyumbani kwenu, kama mko na modemi yenye kadi ya SIM, ao ile ya kampuni ya intaneti, ndani yake kuko sentinele tayari. Mkileta kisanduku cha zamani bila kukipanga, nyumba inapata masentinele wawili. Mbaya zaidi, wote wawili wanaweza kujiita 192.168.1.1, maana viwanda vingi vilichagua namba ile ile. Telefone inaomba namba. Mara inajibiwa na huyu, mara na yule. Ikijibiwa na sentinele wa kisanduku cha zamani, inaonyeshwa mlango wenye kwenda pasipo kitu. Ndiyo maana watu wanasema: "Wifi iko, lakini haifungue kitu." Kisanduku hakikufa. Ni masentinele wenye kugombana.

Kuko watu wenye kuingiza kebo ya modemi ku tundu la "Internet". Kama namba za pande mbili hazifanani, intaneti itapita. Lakini nyumba inagawanyika: ordinateri ya upande mmoja haioni vizuri imprimante ya upande mwingine, maana sentinele wa katikati anazuia. Kwa nyumba ya kawaida njia iliyo bora ni hii: tumlalishe sentinele wa kisanduku cha zamani, na tuache wafanyakazi wale wawili tu. Modemi inabaki kiongozi, kisanduku kinabaki mdomo na masikio yake katika vyumba vya mbali.

D. KUFULI GANI IKO NA NGUVU?

Wifi inapita ukuta. Mwenye kuwa inje ya kiwanja anaisikia kama wa ndani. Basi inapashwa kufungwa kwa kufuli, na kufuli hizo ziko na historia.

Ya kwanza, WEP, ilitoka mwaka 1997. Mwaka 2001 wataalamu watatu, Fluhrer, Mantin na Shamir, walionyesha udhaifu wake. Mwaka 2007 wengine wa chuo kikuu cha Darmstadt, Ujeremani, waliweza kuifungua kwa muda usiofika dakika moja. Tunaandika wazi: kufunga na WEP ni kama kufunga mlango kwa uzi.

Ya pili, WPA, ilikuja mwaka 2003 kama dawa ya haraka. Ya tatu, WPA2, ilikuja mwaka 2004 na siri yenye nguvu iitwayo AES. Hiyo ndiyo tunayotafuta ku kisanduku cha zamani. WRT54G za kwanza zilitoka kiwandani mbele ya WPA2 kuzaliwa. Kufuli hiyo iliingia nyuma, kwa programu mpya. Kama kisanduku chenu kinaonyesha WEP tu, kinahitaji programu mpya. Kama haipatikani, kisitumiwe kwa wifi ya nyumba.

Hata WPA2 haikukosa tundu. Mwaka 2017 Mathy Vanhoef, wa chuo kikuu cha KU Leuven huko Ubelgiji, alionyesha ginsi mtu wa karibu anaweza kuingilia maongezi yake. Sehemu kubwa ya dawa yake iko upande wa telefone na ordinateri. Kwa hiyo mwenye kisanduku cha zamani apashwa kukubali programu mpya za telefone yake kila zinapokuja.

Mtu atauliza: "Kwangu hakuna siri, mwizi atachukua nini?" Atakula mega zako kwanza. Kisha, kama ukurasa wa kisanduku uko na neno la siri la kiwandani, ataingia humo na kukufungia wewe mwenyewe inje. Na kama anafika ku ukurasa wa modemi, sentinele mwenyewe, anaweza kugeuza njia: unaandika jina la banki, wewe unapelekwa ku ukurasa wa uongo wenye kufanana nayo. Feza ya masomo ya mwaka inaweza kutoka kwa njia hiyo.

E. KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Tayarisheni: kisanduku na transfo yake, ordinateri moja, kebo mbili za rezo, kalamu na karatasi. Msikiunge bado na modemi.

1. Sahaulisheni mambo ya zamani. Kisanduku kikiwa kinawaka, fikieni kitufe kidogo cha nyuma chenye neno "Reset" kwa ncha ya kalamu, mkishike segonde 30. Mipango ya mwenye kukitumia mbele yenu inafutika.

2. Ungeni ordinateri kwa kebo ku tundu namba 1. Zimeni wifi ya ordinateri ili isipotee njia. Fungueni programu ya kusomea kurasa za intaneti, na mahali pa anwani mwandike 192.168.1.1. Kitauliza jina na neno la siri. Jina mliache tupu, neno la siri ni admin.

3. Geuzeni kwanza neno lile "admin", katika ukurasa wenye jina "Administration". Wamiliki wa visanduku hivi ulimwenguni pote wanalijua. Andikeni neno jipya ku karatasi, na karatasi ile aishike mzazi. Hapo hapo muhakikishe kwamba kupanga kutoka inje, "Remote Management", kumezimwa.

4. Nendeni ku ukurasa wa "Wireless". Chagueni jina la wifi. Lisiwe jina la familia wala namba ya nyumba, maana kila mwenye kupita njiani atalisoma. Kisha "Wireless Security": chagueni WPA2 Personal, na AES. Neno la siri liwe kati ya alama 8 na 63. Sisi tunashauri maneno manne ao matano yasiyo na uhusiano, yaliyounganishwa pamoja: ni rahisi kukumbuka, ni vigumu kukisia. Jina la mtoto wa kwanza na mwaka wake wa kuzaliwa halifai hata kidogo.

5. Chagueni njia ya mawimbi, yaani kanali. Kanali zinapandana, zile zisizogusana ni 1, 6 na 11. Kiwandani wanaweka 6, basi jirani wengi wako hapo. Jaribuni 1 ao 11.

6. Sasa, mwishoni, ukurasa wa kwanza wenye jina "Setup". Tunauacha mwisho kwa sababu moja: mkiisha kubadilisha namba ya kisanduku na kumlalisha sentinele, ordinateri yenu haitakiona tena mpaka kiungwe na modemi. Angalieni namba ya modemi ya nyumba. Kama ni 192.168.1.1, kipeni kisanduku 192.168.1.2. Kama ni 192.168.8.1, vile modemi nyingi za Huawei zilivyo, kipeni 192.168.8.2. Namba ile isiwe kati ya zile ambazo modemi inagawia telefone. Kisha, pembeni ya DHCP, chagueni "Disable". Bonyezeni "Save Settings". Sentinele amelala.

7. Toeni kebo ya ordinateri. Chukueni kebo, upande mmoja ku tundu la rezo la modemi, upande mwingine ku tundu namba 1, 2, 3 ao 4 la kisanduku. TUNDU LA "INTERNET" LIBAKI TUPU. Watu wengi wanakosea hapa, maana neno lile linawavuta. Kebo inaweza kufika metre 100.

8. Jaribuni na telefone. Ikipata namba yenye kuanza sawa na ya modemi, na kurasa zinafunguka, kazi imeisha. Ikipata wifi bila intaneti, rudini ku hatua ya 6 na ya 7.

Jambo moja la kuangalia: kama modemi yenu ni ile ndogo ya mfukoni, isiyo na tundu la kebo, haiwezi kuungwa kwa njia hii. Musinunue kebo bure.

F. MAHALI PA KUKIWEKA

Wimbi la wifi linapita ubao bila shida, linapita matofali kwa taabu, na mbele ya chuma linarudi. Nyumba yenye ukuta wa manjanja inalifunga kabisa. Maji pia yanalimeza: pipa la maji kati ya kisanduku na chumba cha kusomea ni kizuizi. Msikiweke chini sakafuni, wala nyuma ya frigo, wala ndani ya kabati la chuma. Mkiweke juu, katikati ya nyumba, antena zikisimama wima. Forno ya mikrowevu inatumia mawimbi ya jamii ile ile: ikiwaka, wifi inakohoa.

Na joto nalo linaua. Musikifunike kitambaa, hata kama mama anapenda kushona vitambaa vya kupamba. Kama umeme wa mtaa wenu unakatika na kurudi na nguvu, mkiunge ku stabilizatere, ao mkitoe ku prize wakati umeme umekatika, mkirudishe ukiisha kutulia.

G. KITU KISICHOWEZA

Msidanganywe na namba 54. Kwa kazi halisi kinapitisha karibu megabiti 20 kwa segonde, na hizo wote wa nyumba wanagawana. Lakini kama modemi yenyewe inaleta megabiti 5 ao 10, kisanduku si shingo ya chupa; ni modemi. Mwenye kuleta fibre nyumbani, huyo anunue kipya.

Tena hakina WPA3, kufuli iliyotoka mwaka 2018. Na programu zake za kiwanda hazitengenezwi tena. Kuingiza programu ya watu wengine inawezekana kwa matoleo fulani tu, na inapashwa kufananisha namba ya toleo iliyoandikwa chini ya kisanduku. Umeme ukikatika katikati ya kazi ile, kisanduku kinaweza kufa kweli. Asiye na mwalimu karibu, aache.

Lakini kuko kazi moja ambayo haitaki mega hata moja. Bila modemi, mkimwacha sentinele macho, kisanduku kinaunganisha ordinateri na telefone za nyumba. Kama ordinateri moja iko na Kiwix, ile programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti, watoto wote wa nyumba wanaweza kuisoma ku telefone zao, hata kama feza ya mega imekosekana mwezi mzima. Kwa mwanafunzi wa kidato cha mwisho mwenye kutayarisha mitihani ya Dola, hilo si jambo dogo.

Tunamaliza kwa kuwaomba hivi: mbele ya kutupa kisanduku, someni transfo, mlalishe sentinele wa pili, mkigeuze kufuli. Kazi yote haizidi saa moja. Na kama mnakipangia mtu mwingine, mfundisheni neno la siri na sababu yake, msimwachie wifi tu.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Kwa nini telefone inaweza kuona wifi lakini intaneti haifunguke, wakati visanduku viwili viko katika nyumba moja?
2. Transfo imeandikwa "120 V". Mtafanya nini?
3. Modemi yenu iko na namba 192.168.8.1. Mtakipa kisanduku cha zamani namba gani, na kwa nini?
4. Kebo ya modemi inaingia ku tundu gani, na lipi linabaki tupu?
5. Jirani anasema: "Mimi nimefunga na WEP, inatosha." Mjibuni kwa maneno mawili ao matatu.